Vibonzo vya Kiti cha Wapangaji

Jumamosi, 12 Januari 2019

Nimeanza shajara. Viongozi wote huandika shajara, na mimi ni kiongozi, ila watu hawajaarifiwa. Keziah, mke wangu, ameuliza naandika nini. Nimejibu ni mambo ya kazi. Akasema kazi yangu ni kuwaogesha wazee kwenye makao yao kule New Hope, sasa hapo kuna nini cha kuandika? Huyo ndiye wangu. Nesi kamili, mdomo kamili.

Mambo yalivyo ni hivi. Kanisa tunaloabudia Columbia Heights si letu. Ni la Wazungu wachache wenye mvi, tunawaita Wenyeji. Wao wanaingia saa tatu asubuhi, sisi Wakenya saa tano, Wakongo saa nane. Wakongo wakitoka ni giza na mabasi ya Jumapili yameshapungua. Baraza la nyumba ndilo linalopanga hayo yote. Ndani ya baraza wapangaji tuna kiti kimoja tu, na tarehe tatu Februari Wakenya na Wakongo tutapiga kura pamoja kumchagua wa kukikalia.

Kwa sasa anakikalia Ian. Ian! Kijana wa suti za kubana. Akina mama wanamwita Mheshimiwa. Mimi nimefika Minnesota yeye akiwa bado anavaa kaptura Kisii.

Kuna sharti moja. Mwenye kiti lazima awe ameshiriki Meza ya Bwana kwa desturi ya Wenyeji, yaani kupiga magoti na kunywa divai ya kweli kikombe kimoja na wengine. Wakongo hawagusi pombe hata iliyo ndani ya dawa ya kikohozi. Kwa hiyo wanapiga kura lakini hawachaguliwi. Mimi nilikunywa. Ian naye alikunywa, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

Leo kazini Mama Lois ameniamuru ninawe mikono, kisha ninawe tena, ndipo akanifungulia droo yake. Huyu ni mwalimu mstaafu wa historia ya Uingereza, mwili umechoka lakini ulimi bado wembe. Droo imejaa vibonzo vya kale, vya mwaka 1829, vimechapwa kwenye karatasi nzito na kupakwa rangi kwa mkono. Waheshimiwa wenye matumbo ya mapipa! Maaskofu wanashikana mashati! Nikauliza ugomvi wa nini. Akasema ni Wakatoliki. Kule Ireland waliruhusiwa kupiga kura, lakini kukaa bungeni hapana, mpaka waape kiapo ambacho dini yao inakikataa.

Nikapiga kelele kwamba hao ni Wakongo wetu watupu. Mama Lois akasema hajui Wakongo gani, ila nisiegemee droo.

Akanieleza pia kuhusu waziri mkuu wao, jenerali mstaafu, aliyewakatalia Wakatoliki kwa miaka halafu akageuka akawakubalia. Wachoraji walimtafuna mzima mzima. Na wachoraji wengine, akasema, walichora upande huu leo na upande ule kesho, bora kibonzo kinunuliwe. Nimepiga picha za vibonzo vyote kwa simu. Kichwa changu kinachemka.

Jumapili, 13 Januari

Ian amegeuka! Mwaka jana aliapa kwamba sharti la divai atalilinda mpaka kaburini. Leo baada ya ibada amesimama akashika kipaza sauti. "Wapendwa, hii rule ni ya kitambo. Lazima tu-move on. Wakongo ni ndugu zetu." Makofi. Vigelegele. Kerubo, yule mama wa kwaya, alilia.

Hotuba hiyo hiyo ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nangoja chai iishe ndipo niitoe.

Nimempima kwa macho. Jenerali mstaafu, huyo huyo.

Jumanne, 15 Januari

Mpango una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni Pasta Birindwa, mkuu wa Wakongo. Atakayemtaja yeye ndiye watakayempigia kura. Figo zake zimekufa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima apelekwe Roseville kusafishwa damu kwa mashine, na gari la wagonjwa linalomchukua huchelewa kila mara. Nimejitolea kumpeleka mimi. Zamu yangu ni ya jioni, asubuhi niko huru. Keziah amesema mama yake alikaa kwetu mwaka mzima na sikuwahi kumpeleka hata sokoni.

Birindwa ni mtu wa Bukavu, alipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi. Mrefu, kofia ya sufu, shavu la kushoto lina shimo, hasa akicheka. Amekaa kiti cha nyuma kama balozi. Nilipokata kona nikiwa na kasi kidogo akaniambia, "Papa Jotham, polepole. Uko na haraka ya kufika mbinguni? Mimi ningali na kazi hapa."

Nimecheka kweli kweli. Sikutarajia kumpenda mzee huyu. Inaweza kuwa kikwazo kwenye mpango.

Alhamisi, 17 Januari

Mguu wa pili. Nimechapisha kibonzo kimoja cha Mama Lois kwa ukubwa mzuri, nikakibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaweka karatasi safi juu yake. Mwanga wa theluji unapenya vizuri kuliko taa. Nimefuatisha mwili wa yule jenerali juu ya farasi, koti lake nusu nyeusi nusu nyeupe kwa vile amegeuka. Kichwa nimeweka cha Ian. Meno yote nimeyachora, moja moja.

Nilichora sana nikiwa shule. Mwalimu aliwahi kunichapa kwa kumchora, na bado aliihifadhi ile picha. Kipaji hakifi.

Jumapili, 20 Januari

Nilitoa nakala maktabani, nikaziweka chini ya sahani za chai kabla watu hawajashuka ukumbini. Watu wameinua sahani, wamecheka hadi machozi. Wakongo waliowahi kufika wamecheka pia. Simu zimetoka, picha imesambaa hadi kwa ndugu walioko Dallas. Kemunto, binti yangu, ameiangalia kwenye simu yake akasema, "Dad, that's actually really good. Who drew it?" Mtoto ambaye hajanisifu tangu aingie sekondari! Nikasema ni mtu asiyejulikana. Ilinichoma kama makaa.

Halafu maafa. Ian ameipenda! Ameifanya picha yake ya WhatsApp. Anasema farasi amempendeza na koti la rangi mbili ni dalili ya mtu anayejenga daraja. Akina mama wanamwomba asimame karibu na picha wampige picha.

Nimeimwaga chai yangu kwenye sinki.

Jumanne, 22 Januari

Roseville na Birindwa. Amenionyesha kibonzo cha Ian alichokikunja ndani ya Biblia yake. Anasema aliyekichora Mungu amempa mkono. Nikatazama barabara.

Nikamchokonoa kidogo kuhusu kura. Akasema, "Siye tunapigaka kura. Kukaa, hapana. Ni kama kualikwa harusi na kusimama mulangoni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Aliongeza kwamba hataki kiti yeye mwenyewe, anataka mmoja wa watu wake akae pale aombe saa ya mchana, wazee wao wasiwe wanasubiri basi gizani wakati wa baridi. Akasema anafikiri atanitaja mimi, kwa sababu Ian anaongea vizuri lakini mimi ndiye ninayeendesha.

Nimemshika mkono. Nimemwahidi kwamba sharti la divai nitaling'oa na mizizi yake. Nilimaanisha. Kwa muda ule nilimaanisha kabisa.

Lakini "nafikiri" si "ndiyo". Lazima nimsukume kidogo. Wakongo wakasirike na Ian, wajionee huruma, kisha waniangukie mimi.

Alhamisi, 24 Januari

Nimepata! Ndani ya droo ya Mama Lois kuna kibonzo cha mazishi. Waheshimiwa wamebeba jeneza, na juu ya kifuniko pameandikwa jina la sheria ya zamani, kwamba waziri mkuu ameiua na sasa anaizika. Waingereza walikifia kwa kicheko, amesema Mama Lois.

Mimi nimeandika hivi: Mazishi ya Haki za Wakongo. Mbele amebeba Ian. Nyuma amebeba Mama Dinah, mwenyekiti wa Wenyeji, na kikombe cha divai mkononi. Ila maneno matupu juu ya ubao hayana uhai. Nani atasoma? Nimelifungua jeneza, na ndani yake nimemkalisha Pasta Birindwa, kofia yake kichwani, macho wazi, anawatazama wabebaji kana kwamba anawauliza wanampeleka wapi.

Uso ule umenichukua saa zote alizokuwa kwenye mashine kule Roseville. Shimo la shavu limekaa pale pale. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii maishani. Nimekitazama mpaka chai imepoa.

Jumapili, 27 Januari

Nilitega nakala chini ya sahani kama juma lililopita. Nilizizidisha upande wa Wakongo.

Hakuna aliyecheka.

Mama Générose, mke wa Birindwa, aliinua sahani, akatazama, akaweka mkono mdomoni. Birindwa mwenyewe alichukua karatasi akaisogeza karibu na miwani, akakaa nayo muda mrefu mno. Jasho lilimtoka. Kijana mmoja wao, Onesphore, alisema kwa sauti kwamba Wakenya wamemfanyia Pasta jambo. Wakavaa makoti. Wakaondoka wote, ibada ya saa nane haikuwepo. Ian alikimbia nyuma yao hadi kwenye theluji bila koti akiwaita, hakuna aliyegeuka.

Sikuelewa. Ni cha kuwatetea! Mbona jina limeandikwa hapo juu!

Kemunto amesema, "That's creepy. He's alive." Keziah alingoja afunge mlango wa chumba chake. Akanishika kidole, wino ulikuwa bado chini ya kucha. Akauliza kwa sauti ya chini, Baba Kemunto, kwenu Kisii nani humpima mtu aliye hai kwa ajili ya jeneza? Nikasema hakuna. Akauliza basi mtu mgonjwa, ambaye kila usiku anawaza kifo, akijiona yuko ndani ya sanduku, macho wazi, watu wamembeba, ataonaje? Nikasema kule Uingereza walicheka. Akasema hapa si Uingereza, na yule si sheria.

Kweli nilijua. Hata mama yangu hakutuacha tulale tumekunja mikono kifuani kama maiti. Nimetazama vibonzo vya Wazungu hadi nikasahau nilikozaliwa.

Keziah ananitaka niende nikakiri leo leo. Nimemwambia nitakiri. Baada ya kura.

Jumanne, 29 Januari

Nilifika kumchukua Birindwa kama kawaida. Mama Générose alifungua mlango upana wa mnyororo. "Pasteur hatapanda motokari ya Mkenya. Mulimuweka mu sanduku angali muzima." Nikasema mimi ni dereva tu. Akasema hajui ni nani, ndiyo maana ni wote.

Nikauliza ataendaje Roseville. Kumbe Onesphore alikuwa ampeleke kwa gari lake, ila baridi imeua betri. Gari la wagonjwa lilishafutwa siku nilipoanza kumpeleka mimi, na kulirudisha kunahitaji siku kadhaa. Nikasema kwa kupitia mwanya wa mlango kwamba bila shaka mchoraji hakuwa na nia mbaya. Mama Générose akaniuliza, unamjua?

Nikasema hapana.

Nilimsikia Birindwa akikohoa ndani. Nimekaa kwenye gari nje ya jengo lao hadi vioo vikaganda.

Jumatano, 30 Januari

Baridi ya kuua. Posta haileti barua. Shule zimefungwa. Ukimwaga maji ya moto yanageuka moshi kabla hayajagusa chini. Kazini walikuja wawili tu, nami mmojawapo.

Keziah amenifafanulia kinesi. Asiposafishwa, maji yanabaki mwilini, chumvi za damu zinapanda, moyo unasimama. Hakuna fumbo. Amempigia Mama Générose amwitie ambulensi. Birindwa amekataa katakata. Anasema juma hili akibebwa kutoka nyumbani kwake hatarudi, picha imeshasema.

Nilikwenda, ieleweke hivyo. Niliendesha kwa baridi ile, nikapanda ngazi, nikagonga. Nilikuwa na maneno tayari. "Pasta, ni mimi, ni ujinga, nisamehe." Maneno machache. Hata mtoto angeyasema. Mama Générose akauliza nani. Nikasema ni Jotham, nimeleta supu.

Akasema niiache mlangoni. Sikuwa na supu. Nimerudi nyumbani nikamwambia Keziah hawakufungua. Hilo ni kweli.

Keziah akachukua simu akaingia chumbani akafunga mlango. Ni siku nne tu mpaka kura. Mtu anaweza kuvumilia.

Alhamisi, 31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nimepanda ngazi zile tena, na safari hii nilikuwa nimeamua, naapa. Nikakuta mlango wazi. Ndani, kwenye zulia, Ian amepiga magoti! Tai imelegezwa, suti imekunjika. Birindwa yuko kwenye kochi, miguu imevimba hadi soksi zimepasuliwa kwa mkasi, anavuta pumzi kwa mabega. Na Ian anamwambia kwamba yeye ndiye aliyechora.

Ian! Ambaye hawezi kuchora hata yai!

Ameeleza yote. Kwamba ni utoto. Kwamba aliiga vibonzo vya kale vya Uingereza, na ndani ya jeneza la kule hakuna mtu, ni sheria tu. Kwamba hakuna uchawi, hakuna aliyemtakia mabaya. "Pasta, mimi ndio nilikosea. Nisamehe. Nichape ukitaka. Lakini please, twende hospitali." Alilia, kamasi na vyote.

Nilisimama mlangoni nikisubiri jambo linifikie. La kwanza lililonifikia ni furaha, maana Birindwa aliweka mkono juu ya kichwa cha Ian, akasema amesamehe, akaomba viatu vyake. La pili, Ian alikuwa amesema "kamchoro kabaya ka kijinga." Kabaya! Nilitaka kumwuliza kabaya wapi. Kwenye shavu? Nikamletea mzee viatu, kwa hekima.

Tulimshusha ngazi, Ian kulia, mimi kushoto, Mama Générose nyuma na blanketi. Alikuwa mzito kwa maji. Kwenye kona ya ngazi tukapumzika, akanigeukia. "Papa Jotham. Weye ulikuya kugonga kila siku, na mimi niliwazia Wakenya wote mubaya. Na weye pia. Unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe.

Wameondoka kwa gari la Ian. Mimi nilikuwa na zamu.

Ijumaa, 1 Februari

Pasta Birindwa amefariki alfajiri. Walimwunganisha na mashine lakini moyo ulikuwa umechoka. Keziah aliambiwa na nesi mwenzake.

Nililia bafuni kazini, bomba likiwa wazi. Nilimpenda. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari langu kwa heshima ile. Mama Lois ameuliza mbona macho mekundu. Nikasema rafiki yangu amekufa kwa figo. Akanishika mkono, yeye asiyependa kuguswa, akauliza kama vile vibonzo vilinisaidia kwenye kura yangu. Nikasema matokeo bado.

Jumapili, 3 Februari

Kura imesogezwa hadi Jumapili ijayo. Leo tumekwenda matangani kwa Mama Générose. Nyumba imejaa, nyimbo haziishi, sufuria za sombe, yaani kisamvu, na wali zinaingia jirani baada ya jirani. Wamenipa kiti karibu na mjane. Wamesema mimi ndiye niliyegonga.

Ian hakuruhusiwa kuingia. Amekaa kwenye ngazi za baridi, ameegemea ukuta, tangu mchana hadi tulipoondoka. Watu wanampita kama wanavyopita mfuko wa taka. Kerubo, aliyewahi kumlilia, aliinua sketi yake asimguse. Nilipotoka aliinua macho akanitazama. "Kiti ni chako, Mzee," akasema. Wivu humfanya mtu awe na macho ya ajabu.

Ndani ya gari Keziah ndiye aliyeendesha, na ndiye aliyeongea. Akasema yeye ndiye aliyempigia Ian Jumatano, akamwambia kila kitu, nani alichora na aliiga wapi, kwa sababu nilikuwa nangoja kura na mgonjwa hangeweza kungoja. Alimwomba aje amtaje mchoraji. Kujitaja mwenyewe ni wazo la Ian. Alifikiri mzee akisikia kuwa ni mimi, dereva wake, moyo ungemvunjika pale pale.

Nikamwuliza inakuwaje mke anampa mtu mwingine sifa ya kazi ya mumewe. Keziah akasimamisha gari pembeni mwa barabara.

"Mtu amekufa, Jotham."

Hajaniita Jotham tangu Kemunto azaliwe. Amehamia chumba cha Kemunto. Anasema ni kwa sababu ya kukoroma kwangu.

Jumamosi, 9 Februari

Mazishi. Ardhi ilikuwa mwamba, ilibidi wenye makaburi waipashe moto ndipo ichimbike. Wakongo waliimba hadi mvuke wa midomo yao ukawa kama wingu juu ya kaburi. Watu kutoka Iowa, watu kutoka Dakota. Mama Générose hakulia. Alishika kofia ya sufu kwa mikono miwili na kuipapasa, kuipapasa.

Nilizungumza kwa niaba ya Wakenya. Nilisema marehemu alikuwa balozi. Watu waliniambia nilizungumza vizuri.

Jumapili, 10 Februari

Nimeshinda! Ian alijitoa, na hata asingejitoa, nani angempa kura mtu aliyemzika Pasta kabla ya siku yake? Wakongo wote wameninyooshea mkono. Hata Onesphore.

Baraza limekutana hapo hapo, kwa kahawa ya Wenyeji isiyo na maziwa. Kiti kina mto. Mama Dinah alisema kwamba kwa heshima ya Pasta Birindwa, Wenyeji wako tayari kulifuta sharti la divai leo leo, ikiwa mwakilishi wa wapangaji ataunga mkono. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Halafu nikamwona Mama Générose kupitia kioo cha mlango, amesimama na wanawake wake, wamemzunguka, wanamsikiliza. Wakongo ni wengi kuliko sisi siku hizi. Sharti likifutwa, uchaguzi ujao anachaguliwa yeye, na mimi narudi kuegemea ukuta. Nikasema jambo zito kama hili lisiamuliwe katika majonzi. Linahitaji kuchunguzwa. Kamati ndogo, labda, niiongoze mimi. Mama Dinah akashangaa kidogo, akaandika.

Nilipotoka Mama Générose aliniuliza, wamesema nini? Nikasema tunasonga mbele. Akanishukuru. Akatoa kitu kwenye mfuko anionyeshe. Ni uso wa Birindwa, ule wangu, ameukata kwa mkasi kutoka kwenye jeneza, akauweka kwenye fremu yenye kioo. Anasema picha zote walizo nazo za Amerika zinamwonyesha akiwa amevimba kwa ugonjwa, na za kambini zilipotea. Hii peke yake ndiyo ina shavu lake. Ian alitenda ubaya, anasema, lakini alimwona vizuri. Amemsamehe kwa sababu ya shavu. Chini, kwa kalamu, ameandika jina la mchoraji.

Ian.

Nilikaribia kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno. Kazi yangu bora kuliko zote, iko ukutani kwa watu, na jina la mwingine! Na ameikata vibaya. Wabebaji wote wawili wametupwa, na miguu ya Ian niliipatia hasa.

Nimetafakari sana jioni hii. Kusema kweli hatari kwangu si Ian tena. Ni Mama Générose. Mjane anapendwa. Lazima watu waanze kumcheka mapema kabla hajazoea kusikilizwa. Nimeshabandika karatasi kwenye dirisha. Ana shingo ndefu, itachoreka vizuri. Safari hii nitakuwa mwangalifu, nimejifunza. Hakuna jeneza. Nitaweka kaburi dogo tu, kwa mbali, kujaza nafasi ya nyuma.